Sisi pia ni juri

 

Leo tunaongea juu ya watu 12. Kule Marekani, mutu akishitakiwa kosa kubwa, raia wa kawaida ndio wanasema kama ana kosa ao hapana: dereva, mwalimu, muuzaji wa duka. Hiyo inaitwa juri. Mbele waketi wanaulizwa maswali, na prokirere na avoka wanaweza kuondoa wengine bila kutoa sababu. Tangu 1986 tribinali kubwa ya kule imekataza kuondoa mutu juu ya rangi yake. Lakini sababu haikosekani, mutu mwenye akili atatafuta ingine.

Tuone kesi ya Curtis Flowers, mutu mweusi wa Mississippi. Mwaka 1996 watu 4 waliuawa ndani ya duka moja pale Winona, yeye akashitakiwa. Kesi ilisikilizwa mara 6, prokirere ni uleule. Weusi 42 ambao aliweza kuondoa, aliondoa 41! Katika kesi ya 6, weusi 5 walioondolewa waliulizwa maswali 145. Wazungu 11 waliobaki, wote pamoja, maswali 12. Mufanye hesabu wenyewe. Tribinali kubwa ilivunja hukumu ile 2019, na mwaka 2020 mashitaka yakafutwa. Alikuwa amekaa gerezani karibu miaka 23.

Kuuliza mutu «utaamua kwa haki?» haisaidii sana, kila mutu anajibu ndiyo, na anaamini kabisa. Mwalimu mumoja wa saikolojia, Samuel Sommers, alijaribu mwaka 2006 na juri za mazoezi. Zile zenye wazungu na weusi pamoja ziliongea muda murefu zaidi, na wazungu wenyewe walikosea mambo ya kesi kidogo kuliko wakiwa peke yao.

Inchi yetu haina juri ya namna ile. Lakini usiku, sauti ikilia «mwizi!» ndani ya avenue, sisi ni nani? Hakuna mwenye kutuuliza hata swali moja. Tunasikia namna kijana anatamka Kiswahili, tunajua anatoka upande gani, kesi imekwisha. Na sisi wa diplome bila kazi tunajua kuangaliwa vile: umesimama kwenye kona saa ine ya usiku, basi uko bandi.

Yule kijana wa mwezi uliopita alikuwa anatafuta dawa ya mutoto. Hatutataja jina lake hapa. Wamoja kati yetu tulikuwa pale, na wamoja tulisimama tu tukishika telefone.

Mama yake amekubali kutupokea siku ya posho, saa tisa. Wale waliokuwa pale usiku ule, tunaomba mufike wa kwanza.