Simu Nazo Zipewe Nafasi ya Kutuma

Bao likifungwa, maelfu ya mashabiki uwanjani hutuma video kwa pamoja, na mtandao hukwama. Mara nyingi kinachobana ni mgawanyo wa muda. Mitandao mingi ya 5G hupakia na kupakua kwa kupokezana kwenye masafa yaleyale. 4G ya aina hiyo ina mipangilio 7: fremu ya milisekunde 10 hukatwa vipande 10, na mmojawapo wa mipangilio inayotumika sana huziachia simu vipande 2 tu vya kutuma.

Kwa nini fundi asiongeze vipande hivyo hapo uwanjani? Mnara hurusha mawimbi kwa makumi ya wati, simu kwa takriban wati 0.2. Mnara wa jirani ukirusha wakati mnara wa uwanjani unasikiliza, mawimbi ya simu humezwa. Ndiyo maana minara ya eneo moja, hata ya kampuni shindani, hulazimika kufuata mpangilio mmoja.

Lakini kupakia si anasa tena. Daktari wa zahanati hutuma picha ya eksirei kwa bingwa aliye mbali. Kampuni zianze kuongeza vipande vya kutuma ndani ya majengo, kuta zinakozuia mawimbi ya nje.