Mbwa Wengi, Watoto Wadogo

Boma lenye mbwa watatu au wanne wa kulinda ng'ombe na kahawa hulala salama. Lakini mbwa wakiwa kundi, mmoja akirukia mtu, wengine hufuata. Mchana wafungiwe bandani. Mtoto asiachwe nao peke yake, hasa wakila au wakinyonyesha.

Kila mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mtoto akiumwa na mbwa, hata wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, hakuna tiba.

Watoto huficha mkwaruzo wakiogopa kuchapwa. Mtoto akisema, asichapwe, asikilizwe.