Mafuta Yana Bomba, Baiskeli Haina Njia
Bomba la mafuta la TAZAMA linaanzia Kigamboni, Dar es Salaam, iliyokuwa sehemu ya Temeke, na kwenda kilomita 1,710 hadi Ndola, Zambia. Tangu 1968 lilibeba mafuta ghafi; sasa linapeleka dizeli. Mwishoni mwa 2024 gridi yetu ya umeme nayo iliunganishwa na ya Kenya, Isinya hadi Singida, kwa kilovolti 400. Ni kazi kubwa, tujivunie.

Lakini biashara, wasikilizaji, haiishii kwenye bomba, gridi wala bandarini. Inafika Tandika na Mbagala kwa baiskeli: magunia ya mkaa, mikate, trei za mayai. Na waendesha baiskeli hao wanabanana na malori yaendayo Zambia na Kongo kwenye Barabara ya Mandela, roho mkononi. Wanaopanga barabara hiyo wawatengee njia yao, tena katika bajeti ijayo.