Sahani ya Mama Mwenye Mimba

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka

Kazi yetu sisi makarani ni kutunza madaftari, na jambo tunalolileta limetoka humo humo. Katika kurasa za msaada wa mazishi mna mistari isiyo na jina. Imeandikwa tu, "mtoto wa fulani, siku mbili", au "mtoto wa fulani, hakulia". Kila mwaka mistari hiyo imo, nasi huipita upesi kwa kuwa fedha zake ni kidogo.

Hatusemi kwamba vifo hivyo vyote vililetwa na chakula. Lakini katika mambo yaliyo mikononi mwetu wenyewe, chakula cha mama twakiona kuwa la kwanza.

Wengi wetu tulilelewa tukisikia kuwa mwenye mimba akila sana, mtoto atanenepa tumboni na kuzaliwa kwa taabu. Ndiyo maana katika miezi ya mwisho sahani yake hupunguzwa. Hofu hiyo haikutokana na ujinga. Waliotuachia waliwazika wanawake waliokufa kwa uzazi mgumu, wala hapakuwa na hospitali ya kuwapasua. Ila dawa waliyoichagua haiponyi. Njaa humpunguzia mtoto nyama na mafuta, lakini kichwa, ambacho ndicho hukwama, hupungua kidogo kuliko viungo vingine. Basi mama hubaki na taabu ile ile, na nguvu za kusukuma zimemwishia. Tena nyonga nyembamba mara nyingi huletwa na njaa ya utotoni, kwa maana msichana asiyeshiba hakui sawasawa. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliowafuata akina mama wa Machakos, jirani zetu, walikuta chakula cha wenye mimba kikiwa kidogo kuliko mahitaji ya miili yao.

Mtoto aliyezaliwa na uzito usiofika kilo 2.5 hushikwa na baridi upesi, hunyonya kwa unyonge, na maradhi madogo humshinda. Mama naye aliyepungukiwa na damu hana akiba siku ya kujifungua ikiwa damu itamtoka kwa wingi.

La kusikitisha ni kwamba chakula kifaacho twakilima wenyewe. Kunde, mbaazi na ndengu hujenga mwili, na majani ya kunde yana madini ya chuma yaongezayo damu. Maembe na machungwa ya Makueni, yakiliwa pamoja na chakula hicho, huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai huyazuia; afadhali inywewe saa moja au mbili baada ya kula. (Twajua tumewakera wengi kwa kuitaja chai.) Lakini ndengu huondoka siku lori la mnunuzi lifikapo, mayai huenda sokoni, na mama akabaki na isyo yenye mahindi tele na kunde za kuhesabu. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki vya kliniki vyafaa sana, navyo vimezwe kila siku, lakini havishibishi mtu.

Na hayo mahindi yenyewe hapana budi tuyaangalie. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliwaugua watu 317, wakafa 125, na wengi wao walikuwa wa wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati huo. Chakula kilikuwa haba. Watu walivuna mapema kwa kuhofia wezi, wakayaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Kukoboa muthokoi huipunguza, wala hakuiondoi yote. Hupita kitovuni ikamfikia mtoto tumboni, na baadaye huingia katika maziwa. Huko Gambia wataalamu waliona kuwa watoto ambao mama zao walikuwa na sumu hiyo mwilini wakati wa mimba walikua polepole katika mwaka wao wa kwanza. Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Magunia yapandishwe juu ya mbao. Na yaliyoota kuvu yatupwe, hata kama ghala li karibu kwisha. Twajua neno hilo ni gumu mwaka wa ukame.

Wazee wetu, mwenye mimba hana amri juu ya ghala. Amri ni yetu sisi wanaume, na ya mama wakwe. Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali kwamba kila nyumba ya mwanachama yenye mwenye mimba itenge debe moja la ndengu au kunde lisiloguswa na mnunuzi, na mama aongezewe mlo mmoja mdogo kila siku, pamoja na yai linapopatikana. Bwana Mwenyekiti, twaomba kura ipigwe sasa, kisha Mweka Hazina asome hesabu zake.