Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Hotuba ya katekista kwa jumuiya za kambi ya Nyarugusu, Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani





Siku kama hii tumezoea kusikia kwamba mkimbizi ni mtu wa kusaidiwa. Ni kweli. Tangu kambi hii ifunguliwe mwaka 1996 tumesaidiwa sana, na tunashukuru. Lakini wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nitasema juu ya kile ambacho mgeni huleta.

Tarehe 1 Desemba 2019, siku tunayomkumbuka Mwenye Heri Anuarite aliyeuawa Isiro mwaka 1964, Wakongo wanaoishi Roma waliingia katika Basilika la Mtakatifu Petro. Walikuwa wakitimiza miaka 25 ya jumuiya yao ya Kikatoliki katika mji ule. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaadhimishia Misa kwa utaratibu wetu, uliokubaliwa mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire. Watu waliimba, wakapiga makofi, wakacheza. Zamani wamisionari walitoka Ulaya kutuletea Injili. Siku ile wajukuu wa waliobatizwa waliipeleka furaha yake kule ilikotoka.

Lakini ndugu zangu, tusidhani kwamba ni ngoma peke yake inayohuisha kanisa. Familia nyingi zilitoka kambi hii kwenda Marekani. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia kwa simu kwamba Jumapili ya kwanza kule, Misa ilipokwisha, kila mtu alikwenda kwenye gari lake. Jirani akiugua, hakuna aliyejua. Mama yule akafanya alivyozoea hapa: akapiga hodi. Akaanzisha rozari nyumbani kwake, familia tatu za Wakongo. Baadaye wakaja Wameksiko, kisha bibi mmoja mzungu, mjane, aliyekaa peke yake miaka mingi. Bibi yule alipolazwa hospitali, jumuiya nzima ilikwenda. Hiyo ndiyo zawadi yetu. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hii ya jumuiya ndogondogo mwaka 1961, na sisi tuliivuka nayo Ziwa Tanganyika bila mzigo wowote mkononi.

Sasa niseme neno gumu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wengine kati yetu walikuwa wamekwisha kugawa hata masufuria. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeacha kufundisha katekisimu, nikisema, “Mimi ni mtu wa kuondoka.” Safari ilipokwama, nikaona aibu kurudi. Miezi saba watoto waliongoja Komunyo ya Kwanza walikaa bila mwalimu, nami nilikuwa nyumbani, hatua mia mbili kutoka kanisani. Aliyenirudisha ni mzee mmoja wa jumuiya. Hakunigombeza. Alipiga hodi, akakaa, akasema, “Katekista, watoto wanakuuliza.”

Hapo nilielewa. Nilitaka kwenda kuhuisha kanisa la mbali, na hili la karibu nimelinyima uhai. Hata hapa Kigoma ni ugenini kwetu, na hapa pia Kanisa linatungoja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila jumuiya ichague msaidizi wa katekista na msaidizi wa mwalimu wa kwaya, ili mmoja akiondoka kazi isilale. Pili, kila mmoja wetu wiki hii apige hodi kwenye nyumba moja ya mtu aliyekata tamaa. Asiende na hotuba. Aende akae naye.

Aliyefanya hivyo hapa atajua la kufanya popote Mungu atakapompeleka, iwe Marekani, iwe nyumbani Fizi na Uvira.