TANGA ILIJENGWA NA NANI?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti:

Tumeombwa tuseme juu ya mji wetu wa Tanga, ulikotoka na unakokwenda. Wengi wakisimulia habari zake huanza na Wajerumani, kana kwamba kabla yao palikuwa na mikoko na nyani tu. Sisi hatutaanza hapo. Kule Tongoni, kusini mwa mji, msikiti wa mawe na makaburi yenye nguzo vilikuwapo kabla ya Mreno yeyote kuijua bahari hii. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipopita, meli yake moja, São Rafael, ilikwama katika mafungu ya huko. Mwaka 1499, akirudi kutoka Bara Hindi, aliichoma moto papo hapo, kwa kuwa mabaharia wake waliobaki hai hawakutosha kuziendesha meli zote. Hata ndani ya ghuba yetu, katika kisiwa ambacho Wajerumani walikiita Toten, yaani Wafu, magofu ya misikiti yapo. Mahali walipoishi watu pakapewa jina la wafu, na mpaka leo jina hilo limo katika ramani. Twasema hivi kwa kupita tu, lakini mlifikirie.

Wajerumani waliushika mji mwaka 1889, katika vita ambavyo Abushiri bin Salim na watu wa Pangani waliwapinga kwa silaha. Walitaka nini Tanga? Walitaka mlango. Mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka bandarini, na mwaka 1896 ikafika Muheza. Kilomita 40 kwa miaka mitatu! Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha, serikali yao ikaichukua mwaka 1899, na ndipo njia ikasogea: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Bwana Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Katika miche hiyo 62 ndimo yalimotoka mashamba yaliyofunika nchi kutoka Pangani mpaka milimani.

Sasa, ndugu zetu, tuulize swali lenyewe. Nani aliyebeba mataruma? Nani aliyekata majani yale yenye miiba, akayafunga mafungu na kuyabeba mpaka kwenye troli? Mabwana wa mashamba majina yao tunayo. Mkataji alipewa namba, na ndiyo sababu akaitwa manamba. Alipewa na kipande, karatasi ya siku 30 za kazi. Asipotimiza kazi aliyokatiwa, siku yake haikuandikwa, hata kama alichomwa na jua tangu alfajiri. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori na magari-moshi yakaleta watu wa Songea, wa Kigoma, wa Urundi, na hata wa ng'ambo ya Ruvuma. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ndio majirani zetu Ngamiani na Makorora, wameoana na Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wasegeju, na mtu akiuliza kabila la mtoto hupewa jibu refu.

Wengine wakisikia Tanga hukumbuka nyuki tu. Ni kweli, Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi wakashindwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck la watu kama 1,000, na nyuki waliwauma watu wa pande zote mbili. Lakini hiyo ilikuwa vita ya wageni juu ya nyumba ya mwingine. Sisi twajivunia zaidi mambo yaliyofanywa na akili zetu. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa, katika shule ya serikali, na Waafrika waliandika humo kwa Kiswahili chao. Mwaka 1922 Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha hapa chama cha Waafrika watumishi wa serikali, Mkristo na Mwislamu wakakaa benchi moja, miaka saba kabla ya African Association kuundwa Dar es Salaam. Mwaka 1939 wafanyakazi wa bandari ya Tanga waligoma. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, ni mtoto wa mwambao huu huu.

Basi Uhuru ulipokuja mwaka 1961, tulirithi mji uliotegemea jani moja. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, na hakuna aliyetupita duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakawa mali ya umma, lakini wakati huo bei ilikuwa imekwisha kuvunjika mgongo. Korona zikanyamaza moja baada ya moja. Tulijenga kiwanda cha mbolea, nacho kikala malighafi iliyoletwa kwa meli kutoka nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, kilichoanza mwaka 1980, kilidumu, na sababu si siri: mawe yake yapo hapo hapo chini ya miguu yake.

Tunakumbusha haya kwa kuwa mlango umefunguliwa tena. Tanga iliitwa jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu karibu laki nne. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, na kila gunia lilishushwa kwanza katika tishari. Tangu mwaka 2019 kina kilichimbwa na gati la mita 450 likajengwa ili meli zije zenyewe ukutani. Mwezi Agosti 2017 liliwekwa Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda: kilomita 1,443, bomba la kupashwa moto kwa sababu mafuta yale huganda yakipoa.

Hatuyapingi. Twayafurahia. Lakini mafuta yatakayopita ndani ya bomba hayataki mchukuzi, wala hayanywi chai kwa mama ntilie. Katani ilipita Tanga ikaenda kusokotwa kamba kwingine, nasi tukabaki na vumbi la brashi vifuani. Kwa hiyo twataka wakubwa wa Jiji watujibu mambo haya: vijana wangapi wa Tanga wanafundishwa kuchomelea mabomba, kuendesha winchi na kupima mafuta? Waliopoteza riziki ya matishari wamepewa kazi gani? Na wavuvi wa Chongoleani, mipaka ya kuvulia wameonyeshwa kwa maandishi au kwa mdomo?

Maswali yenu tutayapokea sasa. Tungependa waanze wale waliofanya kazi katika matishari.