Programu Inapokosea, Nani Anazungumza?



Wanaoanzisha programu mpya mara nyingi hukimbilia nembo kwanza. Mwaka 1986 Steve Jobs, akiwa amekwisha kuondoka Apple na kuanzisha kampuni ya kompyuta ya NeXT, alimlipa msanifu Paul Rand dola 100,000 kwa nembo moja. Kompyuta yenyewe ilionyeshwa hadharani mwaka 1988. Nembo ile ni nzuri, siibezi. Lakini kwa miaka miwili ilinadi kitu ambacho hakuna mteja aliyekuwa amekigusa. Nashikilia kwamba tabia ya programu huonekana pale mtumiaji anapobaki peke yake na skrini: anaposubiri, anapobonyeza bila uhakika, na hasa mambo yanapoharibika.

Sijui kazi inayofundisha hili vizuri kuliko ya msanifu Susan Kare. Aliingia kikosi cha kompyuta ya Macintosh pale Apple mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa na shahada ya uzamivu katika sanaa, wala hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Skrini ya kompyuta hiyo ilikuwa na nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu, na aikoni moja ilitengewa mraba wa nukta 32 kwa 32. Alinunua daftari la miraba akawa anajaza kimraba kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa nukta. Katika ufinyu huo alichora kompyuta ndogo inayotabasamu, ikimlaki mtu kila alipowasha mashine. Tabasamu hilo lilikuwa na kazi: lilimwarifu kwamba mashine imejikagua na iko salama. Uchangamfu mtupu huchosha upesi. Huu uliobeba taarifa ulidumu hadi 2002, ulipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nembo ya kampuni, na mimi naona Apple walipoteza kitu siku hiyo.

Mkono huohuo ulichora bomu. Mfumo ulipoanguka, kilijitokeza kisanduku chenye bomu la duara, utambi wake ukiwaka, na kando yake maneno ya kuomba radhi kwamba hitilafu imetokea. Kare amesimulia kwamba aliambiwa picha hiyo haitaonekana na mtu. Ilionekana, tena mara nyingi, na wapo walioogopa kwamba mashine italipuka kweli. Maneno yalibembeleza, picha ikatisha. Mzaha waliouelewa waandishi wa programu humo ofisini mwao ulimfikia mtu aliyekuwa na barua ambayo hajaihifadhi. Nalitaja kosa hili kwa heshima, kwa kuwa limetoka kwa mbunifu wa kipaji adimu: ikiwa yeye aliteleza kwa kuambiwa kwamba hitilafu ni jambo la nadra, sisi tujihadhari zaidi.

Sasa tutazame simu zetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na chombo chake kikuu cha kuzungumza kilikuwa ujumbe mfupi usio na picha wala rangi. Namba ya muamala, kiasi, jina la mpokeaji, saa, salio. Mpangilio ule mkavu, usiobadilika, ndio uliojenga imani. Mwenye duka hutoa mzigo akishasoma ujumbe, na mpangilio ukivurugika kidogo tu anashtuka kwamba huenda ni matapeli. Hiyo ni haiba kamili ya bidhaa, na imejengwa bila mchoro hata mmoja.

Programu nyingi za fedha zinazobuniwa leo zina rangi za kuvutia na salamu za bashasha, halafu mtandao ukikatika katikati ya malipo zinasema: hitilafu imetokea, jaribu tena. Ushauri huo ni wa hatari. Mama anayelipa ada ya mtoto hajui kama pesa imetoka. Akijaribu tena, huenda akalipa mara mbili. Anahitaji kuambiwa kama pesa imeondoka, iko wapi, na asubiri muda gani kabla ya kutuma upya. Wanafunzi wangu, sentensi hizo ndizo ningependa kuziona kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa chapa mtakaouandika, mbele ya rangi na fonti, na aziandike mtu aliyewahi kupokea simu za wateja waliokwama.